Isale Haliendi kwa Simu

Salvina alikuwa mkulima wa migomba na kahawa kule Kibosho. Watoto wake walikuwa wamekua na kuondoka. Binti yake Aika alimnunulia simu kubwa, na simu hiyo ilimfurahisha kupita kiasi. Zamani habari alizipata redioni, au nje ya kanisa siku ya Jumapili. Sasa zilimfuata jikoni hata kabla hajanawa uso. Na alizipenda, tusimsingizie. Habari ikiingia tu, yeye ameshaituma kwa wengine.

Jirani yake wa juu ya mfereji alikuwa Tereza, mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Hawa wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Salvina alipojifungua Aika, Tereza ndiye aliyemletea maziwa kila siku mpaka mtoto akaanza kuketi. Mauzo ya maziwa hayo hayo ndiyo yaliyomlisha Tereza na kumsomesha mwanawe.

Siku moja ikaingia habari katika kundi la simu la jumuiya yao. Kulikuwa na picha ya watoto waliolazwa hospitali. Chini yake iliandikwa kwamba maziwa ya mtaani yanatiwa sumu, na kila anayesoma atume kwa watu kumi aokoe maisha. Salvina alishtuka, akaituma kwa makundi matatu. Angeishia hapo, labda leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mdomo ulimwasha. Akabonyeza alama ya sauti, akasema:

"Jamani, tuwe macho. Hata haya tunayochukua hapa juu ya mfereji, nani anajua yana nini?"

Sekunde kumi na moja tu. Jina hakulitaja. Lakini juu ya mfereji kuna ng'ombe wa nani mwingine?

Kesho yake wateja wa Tereza hawakutokea. Keshokutwa pia kimya. Mwenye kibanda cha chai akamwambia asimletee tena. Wiki ilipokwisha, Tereza alikuwa akimwaga maziwa kwenye migomba. Alipokutana na Salvina njiani alimsalimia kwa neno moja, akapita. Salvina aliumia moyoni, lakini alijiambia kwamba alikuwa akiwalinda watoto wa watu.

Jumamosi akashuka Moshi mjini kununua chakula cha kuku. Mwenye duka alikuwa Kiran, dada aliyesomea mifugo, kisha akarithi duka la baba yake. Walipomaliza kusalimiana, Salvina akamwonyesha ile habari, ili naye ajihadhari. Kiran akaisoma polepole.

"Mama, nani aliyesema hivi kwanza?"

"Imetoka kwenye kundi."

"Kundi si mtu, mama. Ni daktari gani? Hospitali ipi? Lini?"

Salvina akaipekua habari juu mpaka chini. Hakukuwa na jina, mahali wala tarehe. Kiran akaitafuta ile picha mtandaoni. Ikaonekana ilipigwa nchi nyingine miaka saba iliyopita, na wale watoto walikuwa wagonjwa wa malaria. Kiran akamweleza kwa upole kwamba habari inayokutisha na kukuharakisha ndiyo ya kuichunguza kwanza. Uliza nani, wapi, lini. Mpigie anayejua, kama bwana mifugo au mhudumu wa zahanati. Ukikosa jibu, usiitume. Na maziwa, akasema, yakamuliwe kwa usafi na yachemshwe vizuri kabla ya kunywa.

Salvina alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na kama nimeshatuma?"

"Rekebisha pale pale ulipotuma, kwa jina lako. Ukifuta tu, waliosikia wameshasikia."

Jioni hiyo Salvina alituma sauti nyingine kwa makundi yote matatu. Alijitaja. Alisema ile habari ni ya uongo, na kwamba maziwa ya Tereza aliyashuku bila sababu yoyote. Akaomba kila aliyesambaza ile ya kwanza asambaze na hii. Kisha akatoka hadi mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani. Uchagani, aliyekosa humletea isale aliyemkosea kumwomba msamaha, na ni vigumu mtu kulikataa. Lakini Salvina aliona aibu kupanda kwa Tereza. Akalipiga jani picha, akamtumia.

Picha ilionwa. Jibu halikuja.

Wateja wakaanza kurudi, mmoja leo, wawili kesho. Mwenye kibanda naye akarudi, akijikunakuna kichwa. Wapo ambao hawakurudi kabisa. Na Tereza alibaki kimya vile vile. Mwishowe Primus, mume wa Salvina, akamwuliza tangu lini isale likatumwa kama vocha. Salvina akachuma jani jingine, akavuka mfereji kwa miguu yake.

Alimkuta Tereza bandani akiwakatia ng'ombe migomba. Tereza aliweka panga chini, akamtazama.

"Picha yako niliiona, Mama Aika. Nikasema, ngoja nione kama atakuja."

"Nimekuja. Ile sauti ilikuwa yangu. Nimekuumiza, na wewe hukunikosea kitu."

Akamnyooshea jani. Tereza akajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole, kisha akalipokea kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Wateja nilijua watarudi," akasema. "Niliogopa wewe hutarudi."