Dipoli ya Tatu

Saa kumi na mbili jioni, Mwalimu Anselm alianza kupanda kilima cha nyuma ya Itiryo akiwa na spana, kipimo cha antena, vipande viwili vya bomba la aluminiamu, na hesabu aliyoihakiki mara mbili. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Antena iliyoachwa na kampuni moja ya ulinzi ilikuwa na dipoli nne, kila moja mikono miwili ya bomba, moja juu ya nyingine mlingotini, zote zimekatwa kwa masafa ya kibiashara. Ili zifae kwa redio ya ridhaa, kila mkono wa dipoli ulipaswa kurefushwa kwa sentimita nne na nusu. Tatu alikwisha kuzimaliza. Ilibaki ile ya tatu kutoka chini.

Hakuwa anajifurahisha. Mkewe Rhoda, muuguzi wa zahanati iliyo bondeni, ng'ambo ya mto, alikuwa na mimba ya miezi saba, na kule simu haikamati. Mimba ya kwanza ilipoharibika, Anselm aliipata habari kesho yake, kwa dereva wa bodaboda. Sasa Rhoda alikuwa na redio ya mkononi. Kilichohitajika ni ripita hapa kilimani, iipokee sauti yake dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu.

Alipofika juu, jua lilikuwa limeshazama. Mzee Wangwe, mlinzi wa mlingoti, alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda cha mitambo.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akawasha tochi, akammulika usoni, akaiacha hapo hadi machozi yakamlengalenga Anselm.

"Marahaba," akasema mwishowe, shingo upande. "Giza likiingia, hapa hatuitikii sauti. Tunaitikia uso. Ninyi wa kuja mnaitikia chochote, shauri yenu."

"Namaliza leo, mzee."

"Kampuni nao walikuwa na vyeti. Baada ya wiki moja wakazikata dipoli zao fupi kwa msumeno, wakaondoka wameacha ugali sufuriani. Wewe unazirefusha." Akatema mate. "Refusha, mura. Utakipata unachokitafuta."

Anselm alifunga mkanda, akapanda, akakaza kipande cha kwanza, kisha cha pili, akashuka, akaunganisha kipimo.

Vibaya. Karibu nusu ya nguvu ilikuwa inarudi badala ya kurushwa hewani. Aliijua maana yake: hivyo ndivyo kipimo kinavyosoma mtu anapoikumbatia dipoli. Mwili huivuruga. Akamulika juu.

Hapakuwa na mtu.

Kisha sindano ikashuka yenyewe, taratibu, ikatulia kwenye moja nukta moja, pazuri kabisa, kama kitu kilichokuwa kimeshikilia kimeachia. Huko juu bomba likagongwa.

Tok… tok… tok…

Harufu ya ngozi mbichi ikaja na upepo.

Unyevu tu, alijiambia. Akawasha ripita aliyokwisha kuifunga kibandani, akabonyeza redio yake ya mkononi, akataja alama yake ya wito kama utaratibu unavyotaka, kisha jina lake. "Huyu ni Anselm, Itiryo. Nani ananisikia?"

Redio ikakoroma.

"Anselm, Itiryo."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akashusha pumzi, ni mwangwi wa mitambo. Alikuwa anafungua daftari auandike sauti ileile iliposema, naye mdomo ameufunga:

"Rhoda. Ongeza mwendo."

Akabonyeza kwa nguvu. "Rhoda, uko wapi?"

"Nakaribia darajani, Mwalimu." Alikuwa anahema. "Nimetoka uliponiita, jua likizama. Tochi nimeiacha kama ulivyosema."

Jua likizama, ripita ilikuwa haijawashwa.

"Rudi zahanati. Aliyekuita siyo mimi."

Rhoda akajibu kwa mnong'ono: "Ulisema itakuja sauti kama yako, inikataze. Ulisema nisiiitikie."

Kisha redio yake ikazimwa.

Anselm akamgeukia Wangwe. Mzee hakusimama.

"Sauti umeshaigawa tangu ulipoanza kuzirefusha," alisema. "Umebaki na uso. Mpelekee." Akamtupia tochi miguuni.

Alishuka akianguka na kuinuka. Hatua chache kabla ya daraja akasimama katikati ya njia, akajimulika usoni. Mwanga ukampofusha. Hakusema neno. Mbele yake nyayo zikaja… zikasita. Nyuma yake, upande wa kilimani, nyayo nyingine zikaja.

Zikasita.

"Mwalimu?" iliita sauti ya Rhoda, mbele.

"Mwalimu?" iliita sauti ya Rhoda, nyuma.

Hakuitikia. Akaielekeza tochi mbele. Rhoda alikuwa amesimama darajani, mkono tumboni, analia bila sauti.

Nyuma hakumulika.

Asubuhi alizikata dipoli zote nne, sentimita nne na nusu kila mkono. Vile vipande vya dipoli ya tatu, alivyovikaza jana yake tu, vilikuwa vimesuguliwa vikang'aa kama mpini wa jembe la miaka mingi. Wangwe alikataa kuviokota.

Mtoto alizaliwa salama. Lakini Anselm akirudi nyumbani giza likiwa limeingia, Rhoda humulika uso wake kabla ya kuitikia hodi. Mwanzoni ilikuwa sekunde moja, mbili. Juzi Anselm alihesabu hadi arobaini, amesimama mlangoni pake mwenyewe, mwanga machoni, na neno "karibu" halikuja.