Ardhi ya Bundala

"Kiti kilikuwa kitupu."

"Kitupu vipi, we chuma?"

"Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mizani ilisoma sifuri."

"Na hii damu kwenye mkanda ya nani? Ya mbuzi?"

"Sina jicho la kuona mkanda. Nina mizani. Mizani ilisoma sifuri."

"Haki ya Mungu nitakung'oa hiyo sauti! Nitakung'oa!"

Luhende akalipiga teke tairi la gari lake mwenyewe, akaumia kidole, akachuchumaa. Gari halikukasirika. Bongogari, ule ubongo unaoliendesha gari, huwa halikasiriki, na hicho ndicho kinachowapandisha watu hasira.

Fundi Bundala alisimama pembeni na spana mfukoni, hajui aangalie wapi. Gari lile alilijua ndani nje. Lilikuwa gari la matangazo, spika nne juu ya paa, na ampu yake, mashine ya kukuza sauti, aliifunga yeye kwa mikono yake, hapa hapa kwenye gereji za Nyakato, miezi mitano iliyopita. Sasa ubavu wa kushoto umeingia ndani kama kopo lililokanyagwa. Humo ndimo alimokuwa amekaa Nyamizi, dada yake Luhende, mtangazaji. Walimzika siku kumi na moja zilizopita.

"Fundi," Luhende akasema, bado kachuchumaa, "Baraza la Ajali linafunga faili Ijumaa. Wameandika Nyamizi aliacha kiti. Eti alikuwa ananing'inia dirishani kwa upuuzi wake. Na hiyo barua wamemsomea mama. Mama yangu mzazi! Mimi nilikuwa naye, bega kwa bega, kafunga mkanda, kashika maiki. Nikiwaambia wananijibu gari halisemi uongo."

"Na kweli halisemi," akadakia Masele, fundi wa banda la jirani, ambaye hakuna jambo lililopita pale bila yeye kutia mdomo.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Nasema tu, kaka. Haliwezi kudanganya. Kukosea sijui."

Tangu magari ya Mwanza yaanze kujiendesha, watu walikuwa wanaliamini bongogari kuliko macho yao. Mtu bado anakaa kwenye usukani kwa sababu sheria inataka mtu, lakini kazi yake ni kupiga miayo. Bongogari linaiona barabara, linakanyaga breki, na linajua nani kakaa wapi kwa mizani iliyo chini ya kila kiti. Ikitokea hakuna kabisa pa kukwepea, linachagua lenyewe ligonge kwa upande gani. Linatoa ule usio na mtu. Waliolibuni waliuita upande wa akiba. Mtaani unaitwa upande wa sadaka. Umeokoa watu wengi, usibishe. Siku ile lori lilikata breki kwenye mteremko wa Mabatini, likaja mzima mzima. Kulia watu wako sokoni, kushoto jiwe kubwa kama nyumba. Bongogari likasoma mizani. Kushoto sifuri. Likatoa kushoto.

"Nipimie," Luhende akasema. "Ukikuta kasoro yoyote naibeba hadi barazani. Fundi ninayemwamini ni wewe. Hata Nyamizi kila kona alikuwa anakutaja."

Simu yake ikaita. Mama. Akaenda kuongelea barabarani, mgongo ameupa gereji.

Bundala akaingilia mlango wa dereva, akajikunja, akakaa pale alipokuwa amekaa Nyamizi. Kiti kilikuwa kimepinda. Ilibidi aweke mguu mmoja juu ya mwingine.

"Karibu," likasema bongogari. "Kiti cha kushoto, kilo sitini na nane."

"Kumbe unaniona."

"Nakupima."

"Sasa je?" Masele akachungulia dirishani. "Mizani nzima. Shuka tukale."

"Baraza nao walipima hivi hivi?"

"Ulitaka wapime kwa kucheza ngoma?"

Bundala akaiangalia ampu. Walipima gari likiwa kimya. Na Nyamizi hakuwahi kukaa kimya ndani ya gari hili hata siku moja.

Akawasha ampu. Ikawaka taa ya kijani, na sauti ya Nyamizi ikatoka juu ya paa, ya kwenye kumbukumbu, tangazo lake la mwisho.

"Haya haya haya, wana Nyakato, wana Buzuruga! Jumamosi chanjo ya watoto! Leteni wote, hata yule anayejificha uvunguni, tunamjua!"

"Kilo sitini na nane," likasema bongogari.

Kisha muziki ukaingia, besi ikampiga Bundala kifuani.

"Kiti cha kushoto kitupu."

Besi ikapumua.

"Kilo sitini na nane."

Besi.

"Kitupu."

Akakaa pale anasikiliza gari linamfuta na kumrudisha, linamfuta na kumrudisha, kwa upole ule ule. Akajishika goti. Goti lipo. Masele akaingiza kichwa chote ndani.

Bundala akazima muziki. Kifaa cha kupimia alikuwa nacho mfukoni, hakukitoa. Aliinua kapeti tu, na waya mweusi ulikuwa pale pale alipouacha.

Ampu inapewa umeme na waya mwekundu kutoka kwenye betri, ukipitia fyuzi. Huo kila fundi anauogopa, maana ukigusa bodi la gari unawasha moto. Lakini umeme ukishafanya kazi lazima urudi, na unarudia waya mweusi, ambao mafundi wanauita ardhi. Ardhi inatakiwa iwe nene kama mwekundu, iwe fupi, ifungwe kwenye chuma cha bodi, na rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Ukibakiza rangi, spika zinatoa mlio mwembamba kama mbu.

Bundala alifunga kwenye bodi. Akakwangua kidogo tu kwa sababu alikuwa na haraka, siku zote ana haraka, na mlio ukatokea. Nyamizi akalirudisha gari mara mbili. "Fundi, natangaza msiba huku mbu anaitikia," akasema, na gereji nzima ikaangua kicheko. Mara ya tatu Bundala alikuwa amevimba kwa aibu. Akaona bolti la kiti cha kushoto. Linang'aa, halina rangi hata chembe, kama limewekwa pale kwa ajili yake. Akafunga hapo. Mbu akafa. Nyamizi akanyakua maiki, akaupasha mtaa mzima: "Fundi ni Bundala! Wengine wanajaribu!"

Mafundi wakaja kuchungulia, wakaiga, wakaipa jina. Ardhi ya Bundala. Yeye aliyetolewa shule darasa la sita, ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa popote zaidi ya kwenye daftari la watoro, sasa alisikia watu asiowajua wakiulizana, "Umefunga ya kawaida au ya Bundala?"

Hakuwahi kujiuliza kwa nini kiwanda kiliacha bolti lile bila rangi. Sasa alijua. Mizani nayo ina umeme wake, mdogo kama pumzi ya mtoto, na unapita hapo hapo. Kila besi ilipopiga, umeme wa ampu ulijaa kwenye njia ile na kuuzamisha. Mizani ikabaki haina la kusema, ikasema sifuri, kama siku ile Mabatini.

Masele naye alikuwa ameona waya. 

"Aisee," akasema polepole. "Na mimi nimefunga hivyo. Magari tisa."

"Najua."

"Sikiliza. Hamisha. Dakika mbili tu. Jamaa akirudi mwambie mizani mbovu, ya kiwanda. Anapata anachotaka. Nyamizi anasafishwa, mama yake moyo unapoa. Nani anaumia?"

Bundala tayari alikuwa ameshaweka spana kwenye nati. Akaizungusha nusu. Ilikuwa rahisi kweli. Ilikuwa rahisi hata mkono ulitaka kumalizia wenyewe.

"Na hayo tisa yako?"

"Nitayazungukia mdogo mdogo."

"Na ya Igoma? Na ya wale wa stendi? Yale yaliyokwenda Shinyanga utayazungukia kwa miguu?"

"We Bundala, usijitie utakatifu. Ukisema, hata kengele ya baiskeli hakuna atakayekupa ufunge. Hapa una jina."

"Ndiyo," Bundala akasema. "Lipo kwenye huo waya."

Luhende akarudi, macho mekundu. "Umekuta?"

"Nimekuta. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ardhi niliifunga kwenye bolti la mizani. Besi ikipiga, kiti kinasoma kitupu. Nyamizi alikuwa amekaa vizuri, Luhende. Mimi ndiye niliyemfuta."

Luhende alitazama waya, akamtazama yeye, akarudi kwenye waya. Masele alijisogeza kati yao kidogo kidogo, tayari kwa ngumi. Ngumi haikuja.

"Alikuwa anakusifia," Luhende akasema. "Hadi msibani kwa watu alikuwa anakusifia."

"Najua."

"Wangapi wamefunga hivi?"

"Mji mzima. Na zaidi."

Luhende akaingia upande wa dereva, akapapasa chini ya kiti, akaibuka na maiki. Waya wake ulikuwa na utepe mwekundu aliokuwa ameufunga Nyamizi asiichanganye na ya mtu mwingine. Akamrushia Bundala mapajani.

"Tangaza."

"Nitakwenda barazani nikaandike—"

"Barazani utakwenda. Sasa tangaza. Kwa sauti ile ile iliyokupa jina."

Bundala akaifungua ardhi kutoka kwenye bolti. Akachukua msasa, akakwangua bodi, lakini alikuwa na haraka na rangi haikutoka yote. Akafunga hivyo hivyo. Akawasha. Mlio ukarudi, mwembamba, ukazagaa juu ya gereji zote za Nyakato. Watu wakaanza kutoa vichwa chini ya magari.

"Mimi ni Bundala," akasema, na mbu akaitikia. "Fundi. Ile ardhi mnayoiita ya Bundala, ya bolti la kiti, inaua. Inamfuta mtu kwenye kiti. Imemuua Nyamizi, mtangazaji wenu. Hakuning'inia dirishani. Alikuwa amekaa kitini kwake, amefunga mkanda. Kosa langu. Kama umefunga hivyo, zima muziki, teremsha watu, fungua waya. Leo. Usisubiri kesho." Akaanza upya. "Mimi ni Bundala. Fundi."

Alirudia mara nne. Luhende alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mikono magotini, anasikiliza kama anayehesabu kila neno. Mara ya tano ilipoanza akafungua mlango, akashuka.

"Kiti cha kulia kitupu," likasema bongogari.

Safari hii halikukosea. Luhende alisimama kidogo, mkono juu ya paa, karibu na spika. Kisha akageuka, akaondoka kwa miguu kuelekea kwao, kwa mama yake, na sauti ya Bundala ikamfuata nyuma na mlio wake.