Fundi Bomba Amepata Jiko

Mchana ule mgahawa ulikuwa umefurika, na fundi bomba alipogeuka na mfuko wake wa spana, akaangusha bakuli zima la maharage kwenye gauni la njano la mpishi.

"Pole dada! Sikukuona."

"Na njano yote hii? Macho umeyaacha kazini?"

"Niliyaacha. Sasa yamerudi, na hayataki kwenda kwingine."

Fundi alikuwa akifunga mabomba kwenye ghorofa la vioo lililokuwa likijengwa ng'ambo ya barabara. Tangu siku ile alikula hapo hata akiwa ameshiba. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mtaa mzima uliyajua kabla ya wenyewe.

Kisha mwenye safu ya vibanda, mgahawa ukiwamo, akauza. Safu nzima ingebomolewa, yajengwe maegesho ya magari ya wakaaji wapya wa ghorofa.

"Nisipopata pa kupikia nitakwenda kwa shangazi," mpishi alimwambia. "Mama ananitegemea mimi."

"Huko mbali kote, mpenzi?"

"Huko huko."

Wanaume bwana! Fundi akaanza kupotea saa za chakula, na akipigiwa simu anasema, "Nipo, roho yangu, nitakupigia," kisha hapigi.

Siku moja mpishi aliwapelekea waashi wa ghorofa chai. Nyuma ya mifuko ya saruji akasikia sauti anayoijua, ikicheka kwenye simu: "Kaka, nimepata jiko! Zuri, halina maneno. Kesho namleta mjomba alione."

Mwanamume akisema amepata jiko, nani asiyejua kwamba amepata mke? Mpishi aliitua birika mchangani akaondoka. Jioni simu iliita mpaka ikachoka. Asubuhi alikuwa mgahawani akitia sufuria kwenye gunia, macho yamevimba, mama yake kando akimenya vitunguu.

Fundi akaingia na shati lililopigwa pasi. "Mbona hupokei simu?"

"Kamuulize jiko lako."

"Jiko langu?"

"Usinifanye mtoto. Nimekusikia. Zuri, halina maneno!"

"Sasa lina maneno gani? Lina mabomba mawili na dirisha la kuuzia linalotazama stendi!"

Mpishi aliduwaa. "La kupikia?"

"Kumbe la nini? Liko nyuma ya gereji ya mjomba, na leo anakuja kuona nilivyolikamilisha. Kila mchana nilikuwa huko nikiunga mabomba, nikupatie pa kupikia usiondoke."

Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mwanangu, umeonea wivu mafiga!"

Mpishi aliona haya, lakini moyo wake ulijaa furaha. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuomba unioe... yaani, nikuoe mimi." Fundi alijifuta jasho. "Niliogopa utanikubali kwa kukosa pa kwenda. Sasa unapo. Hata kunikataa unaweza."

Nje tingatinga lilikuwa limeanza kunguruma mwisho wa safu. Mpishi alimshika shavu, machozi yakimtoka bila kuyazuia.

"Nimekubali," alisema. "Haya, shika gunia upande huo, mume wangu, kabla tingatinga halijatufikia."