Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Jumamosi moja ya Novemba, Josefina Coyotl alifika kwa Evaristo na tamale sita za moto, vile vikate vya unga wa mahindi vya mvuke, ndani ya kitambaa, pamoja na msalaba mdogo wa chuma alioutengenezesha kwa fundi wa kuchomelea. Jua lilikuwa limetoka vizuri, na mlima wa Citlaltépetl, mrefu kuliko yote Meksiko, ulionekana wote mpaka kileleni.

"Kompadre, leo huna kisingizio," alisema. "Hata mlima wenyewe umenawa uso."

Evaristo alicheka kidogo. Miaka kumi na tisa alikuwa akiongoza wageni mlimani, naye ndiye aliyemsimamia binti wa Josefina ubatizo, ndiyo maana waliitana kompadre na komadre. Tena ndiye mtu wa mwisho kumwona Macario, mume wa Josefina, akiwa hai. Miaka miwili nyuma wanaume hao walipanda pamoja, hali ya hewa ikachafuka, akarudi mmoja. Hapa kijijini Evaristo alieleza hivi: nilimwambia turudi, akakataa, akajifungua kamba akaenda zake. Hakuna aliyeshangaa. Macario alikuwa mbishi, angeweza kugombana hata na kengele ya kanisa.

Mwili haukupatikana. Josefina alitaka tu kuusimika msalaba mahali Macario alipoonekana mara ya mwisho. Mara mbili Evaristo alikuwa amemkwepa. Mara hii alikosa la kusema.

Walilala kwenye kibanda cha wapandaji, wakaanza safari alfajiri. Kufikia saa tatu asubuhi walikuwa juu ya barafu, njumu za chuma miguuni, wamefungwa kamba moja. Kamba iliyobaki Evaristo aliizungusha begani.

"Bado mbali?" Josefina aliuliza.

"Bado."

Alidanganya. Zilikuwa zimebaki hatua arobaini kufika pale.

Hapo ndipo wingu lilipokuja kutoka upande wa Veracruz. Mwanzoni lilifunika mabonde, kisha miamba, kisha viatu vyao wenyewe. Theluji ikaanza kuwapiga usoni kama mchanga. Evaristo aliona afueni, akaona haya kwa kuiona.

"Komadre, tunarudi."

"Ukiwa umenifikisha hapa?"

"Mlima hauhami. Geuka."

Josefina alimkazia macho. "Na yeye ulimwambia hivyohivyo?"

Evaristo alimsukuma begani aanze kushuka. Walishuka, Evaristo nyuma, Josefina mbele, ili Josefina akiteleza awepo wa kumzuia. Ulikuwa mchana, lakini mchana mweupe usio na juu wala chini. Evaristo aliyafuata mabega ya Josefina, wala hakuona kitu kingine.

Kisha kamba ikamvuta.

Alisimama. Mbele yake kamba ya Josefina ilikuwa imelegea. Mvuto ulitoka nyuma.

Alijigusa begani. Ile kamba ya ziada haikuwepo. Ilikuwa imefunguka, imenyooka nyuma yake, inapanda mteremko na kupotelea ndani ya wingu. Ilikuwa imekaza. Vipande vya barafu vilikuwa vikidondoka kutoka kwenye nyuzi zake.

Labda imenasa kwenye jiwe, alijiambia. Akaivuta.

Nayo ikavutwa kutoka upande wa pili.

"Kompadre," sauti ilinong'ona kutoka juu. "Vuta kidogo tu."

Maneno hayo aliyajua. Siku ile Macario alitumbukia kwenye ufa wa barafu, akabaki ananing'inia kwenye kamba, na hakupiga kelele hata mara moja. Alinong'ona, kwa kuogopa kwamba kelele ingeibomoa theluji. Vuta kidogo tu, kompadre. Na kila aliponong'ona, Evaristo alikuwa akiburutwa kuelekea ufani, shubiri moja baada ya nyingine.

"Nani huyo?" Josefina aliuliza.

"Upepo. Twende."

"Chepa," sauti ikaita.

Josefina aligeuka. Uso ulikuwa umempauka. "Upepo haunijui kwa jina hilo. Hilo ni la chumbani kwetu."

Akaanza kupanda. Alimpita Evaristo bila kumtazama, mikono mbele, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kamba ya nyuma ikavuta tena. Evaristo alianguka kifudifudi, akaburutwa hatua moja. Mbili. Akakamata kifundo cha mguu wa Josefina kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akachomoa kisu.

"Unafanya nini?"

"Nilichofanya siku ile."

Josefina aliacha kuuvuta mguu.

"Alikuwa hai?" Josefina alinong'ona.

"Alikuwa anaongea."

Akaikata kamba ya nyuma.

Kamba haikuanguka. Ilipanda mteremko polepole, pindi kwa pindi, kama inayokusanywa na mtu asiye na haraka. Ncha yake ikaingia ndani ya wingu, na upepo ukanyamaza.

Walishuka bila neno. Bado walikuwa wamefungwa pamoja, na njia nzima mkono wa Josefina ulikuwa juu ya fundo la kiunoni kwake. Evaristo aliuona. Aliungoja ulifungue. Haukulifungua. Kibandani Josefina alimwekea ule msalaba mapajani.

"Huu utaubeba wewe," alisema.

Jumatatu Evaristo alikwenda mwenyewe kwa mama yake Macario, akapiga magoti uani, akasema yote. Bibi kizee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Alhamisi Josefina alikuja kuitaka kamba. Alikuja na kiberiti cha kuichomea.

"Ipo pale ukutani," Evaristo alisema. "Sijaigusa tangu tulipofika."

Josefina aliitungua mwenyewe, kisha akasimama akiitazama ncha yake. Kule mlimani ncha ile ilikatwa ovyo, nyuzi zimetawanyika. Evaristo aliitundika hivyohivyo. Sasa nyuzi zilikuwa zimekusanywa na kufungwa kwa uzi wa sufu, mzunguko juu ya mzunguko, kwa utulivu, ncha ya uzi imefichwa ndani ili isichomoke.

"Umeifunga wewe?" aliuliza Josefina.

"Mimi sijui hata kushika sindano."

Josefina aliusogeza uzi ule karibu na macho. Ulikuwa wa rangi ya damu ya mzee. Rangi hiyo aliinunua mara moja tu, kumfumia Macario sweta la safari yake ya mwisho, na sufu ilimwishia kabla mkono wa kushoto haujafika kiganjani. Nyumbani hakikubaki hata kipande, na sweta lenyewe lilibaki mlimani, mwilini mwa Macario.

Kiberiti kilimdondoka. Jua la saa saba lilikuwa likiwaka uani, kuku wamejificha kivulini, na katikati ya nyuzi zile barafu ilikuwa bado haijayeyuka.