Tundu la Hewa Juu ya Dirisha

Mikono miwili ilidaka kishikio kimoja cha dirisha, cha shaba, kwa mpigo mmoja. Mmoja ulikuwa na glavu nyekundu ya sufi. Mwingine ulikuwa mtupu, kucha zake zimejaa vumbi la mbao. Ilikuwa Jumapili asubuhi kwenye mnada wa vikorokoro pale mjini Kraków, umati unasukumana, na hakuna kati yao aliyekubali kuachia.

"Samahani kaka, nimeanza mimi," alisema mwenye glavu.

"Umeanza kukitazama. Kukishika nimeanza mimi."

"Na utakifanyia nini, utapambia kabati?"

"Mimi fundi wa madirisha ya kale, dada. Wewe je?"

"Dirisha la mama yangu halifungi. Analala na kofia."

Muuzaji akawaambia wakagombane mbele huko, wanamfukuzia wateja. Wakacheka, na hapo ndipo walipotazamana vizuri. Bogna Wilkosz, mfamasia, alivaa koti la rangi ya bitiruti lililomkaa kiunoni. Tymon Sroka alikuwa na sweta lililotoboka viwiko na tabasamu la kumsahaulisha mtu alichojia sokoni. Alimwachia kishikio kwa sharti moja: kwamba yeye fundi ndiye aende kukifunga.

Felicja, mama yake Bogna, aliwapokea ghorofa ya tatu walikoishi wawili, kofia kichwani kweli. Madirisha yake yalikuwa ya kizamani, mawili mawili, la nje na la ndani. Katikati yake alikuwa amelaza pamba ya kuzuia baridi, kama mama yake alivyokuwa akifanya, na juu ya pamba bakuli la mchuzi wa miguu ya nguruwe ulioganda, kwani hapo palikuwa friji yake ya baridi.

"Wengine wanatuambia tuweke madirisha ya plastiki," alisema.

"Thubutu! Jengo hili linalindwa kama urithi, ofisa wa urithi atawachuna ngozi," Tymon alijibu. "La nje tunalikarabati na vioo vyake vilevile. La ndani nalichonga upya kwa mbao, sura ileile, vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, na mpira pembeni. Barabarani hakuna atakayejua. Humu ndani, mama, utavua kofia."

"Nikivua, utanichukulia mwanangu?"

"Mama!" Bogna aliona haya.

"Ila nisikilizeni," Tymon aliendelea, sasa bila mzaha. "Bafuni mna hita ya gesi, na moto wake unakula hewa; hewa ikipungua, unatoa sumu. Madirisha ya zamani yalivuja upepo, yakawasaidia. Haya hayavuji. Kwa hiyo juu ya kila fremu nitatoboa tundu la hewa na kulifunika kwa kibao chembamba chenye mwanya. Msilizibe, hata mkitetemeka."

"Tumekusikia, padri," alisema Felicja.

Mapenzi yao yalikolea kabla rangi ya fremu haijakauka. Simu ya Bogna ilikuwa haitulii.

"Chura wangu, umekula?" Chura huku ni tamko la huba, usicheke.

"Nimekula. Wewe najua umekula vumbi la randa tu."

"Basi njoo na supu."

"Nije na supu, au nije mimi?"

"Supu iache kwa mama."

Krismasi ilipofika, pete ilikuwa kidoleni. Wangeoana baada ya Pasaka na kuishi kwa Tymon, ng'ambo ya mto. Felicja aliwapongeza, akawakatia keki, akauliza mara moja tu nani atakuwa anampandishia mikate ngazi zote zile. Wapenzi walikuwa wanacheka jambo jingine, hawakumjibu.

Asubuhi moja ya Januari Bogna alirudi na mikate akakuta maji yanamwagika bafuni na mama yake amelala sakafuni. Alimburuta hadi ukumbini, akafungua madirisha yote, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Watu wa zimamoto walipima hewa wakatikisa vichwa. "Gesi ya sumu. Madirisha mapya haya yamebana mno." Bogna hakusikia lingine lolote siku ile.

Tymon alikuja mbio, akakutana naye mlangoni.

"Umemfungia mama yangu ndani ya chupa!"

"Nilitoboa matundu, Bogna. Panda kiti, ufungue kibao, utazame."

"Toka."

"Kiti kimoja tu, mpenzi. Nakuomba."

"Ondoka machoni pangu, muuaji!"

Akaivua pete akamtilia mfukoni, kama mtu anayerudisha chenji. Kisha akapita mlango kwa mlango akimshitaki kwa majirani, akaenda na kwa ofisa wa urithi, na kazi ya jengo zima aliyokuwa ameahidiwa Tymon ikafutwa. Tymon akahamia mji wa mbali, Toruń. Felicja alitoka hospitali mikono ikitetemeka, akakaa kimya, na kimya chake kila mtu akakidhania ni ugonjwa.

Wiki moja kabla ya Pasaka mji mzima huosha madirisha, na Bogna naye akachukua ndoo. Alipokuwa anafuta juu ya fremu kibao cha tundu kikamchomokea mkononi. Ndani ya tundu mlikuwa na pamba, imeshindiliwa vizuri kwa ncha ya sindano ya kufumia. Akafungua la pili. Pamba. La tatu pia.

"Mama. Ni wewe?"

Felicja alitazama vidole vyake. "Upepo ulikuwa unanipiga shingoni."

"Ulijua?"

"Tangu hospitali."

"Na ukaniacha nimtukane mtu miezi yote hii?"

"Niliogopa utanichukia. Mwanaume, nikajiambia, utapata mwingine."

Bogna alikimbilia ngazini na simu. Ilipopokelewa, mashine ya kupasulia mbao ilikuwa inanguruma, kisha ikazimwa.

"Tymon, ni mimi."

"Najua. Namba sijaifuta."

"Ilikuwa pamba. Mama aliziba matundu yote. Nisamehe. Nitawaambia wote, nitapiga magoti kwa ofisa. Rudi."

"Mama anaendeleaje?"

"Anatetemeka. Tymon, nakupenda."

"Na mimi nakupenda bado, Bogna. Nilikusamehe zamani. Lakini nilikuomba upande kiti ukaona ni bora niwe muuaji. Tukizaa, siku mtoto akianguka utanitazama tena vile. Mimi siwezi kuishi nikiingoja siku hiyo."

"Sitakutazama vile. Naapa."

"Najua unaapa kwa moyo," alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko tusi. "Uwe salama, mpenzi."

Mashine ikanguruma tena, simu ikakatika. Bogna alirudi ndani taratibu. Maji ya ndoo yalikuwa yamepoa.

"Alikuwa fundi?" Felicja aliuliza.

"Ndiye."

"Anakuja?"

"Haji, mama."

"Basi tutakaa sisi wawili," alisema Felicja, akashusha pumzi ndefu. Bogna aliisikia nafuu ndani ya sauti ile, na hapo ndipo alipoanza kulia.