Kwadi Iliyokatazwa

"Chai imemwagika. Narudia, chai imemwagika."

Nyawira aliacha ubavu wa mbuzi kwenye ubao, akapangusa vidole, akagusa kile kidude kilichofichwa ndani ya sikio lake la kulia.

Jumapili asubuhi, Kamakis, kwenye vibanda vya nyama choma karibu na Ruiru. Moshi wa nyama ulikuwa ndio kwanza unaanza kupanda. Vijana walikuwa wamepanga pikipiki na kwadi zao, zile za magurudumu manne, kando ya barabara, wakizingurumisha ili watazamwe.

Chai ilikuwa flaski ya chuma. Ndani yake mlikuwa na ukungu uliotengenezwa maabara, wa kukausha kahawa kuanzia jani hadi mzizi. Dawa yake haikuwepo. Mtu aliyeuagiza alijiita Falk, mgeni mwenye pasipoti nne, na alikuwa akiyamezea mate mashamba ya kahawa yaliyobaki kati ya Ruiru na Thika. Wenyewe walikuwa wamekataa kuuza. Kahawa ikifa, wangeuza tu.

Mmoja wa hao wabishi alikuwa mama yake Nyawira. Shamba lake liko Gatongora, limebanwa na maghorofa pande tatu, na kila dalali aliyelifikia alifukuzwa kwa fimbo.

"Nani anayo?" Nyawira alinong'ona.

"Gachau," ikajibu sauti ya Kagwe, mkuu wake katika kikosi cha upelelezi. "Ameifunga kwenye kwadi. Falk anamngoja juu ya kilima na mashine ya kunyunyizia. Upepo unashuka Gatongora."

"Namwona."

Angemkosaje? Gachau, mlanguzi anayejulikana kuanzia Namanga hadi Moyale, alikuwa kando ya bucha, akiwasha kwadi nyekundu ya silinda mbili, injini ya mipigo miwili. Ilitoa mlio uliowafanya mbwa waache mifupa. Watu wakampigia makofi.

"Usimfuate," Kagwe akasema. "Helikopta inakuja. Dakika ishirini."

"Dakika ishirini atakuwa amemaliza kunyunyiza na anakunywa soda."

"Kwadi yako haiwezi kumshika. Opiyo amenihakikishia."

Ah, Opiyo! Opiyo alisimamia magari yote ya kikosi, na alikuwa na maoni kuhusu kila kitu chenye magurudumu. Nyawira alipoomba vipuri vya kuirekebisha Yamaha Blaster aliyopewa, kikwadi kikuukuu cha injini ya mipigo miwili, Opiyo alicheka mpaka akakohoa. "Madam, two-stroke ni two-stroke. Hivyo vitu vidogo vinaongeza kelele tu. Usiguse."

Aliigusa.

Aligusa kila kitu. Alijifungia katika ghala moja la Eneo la Viwanda Thika na spana zake mwenyewe. Alibadilisha vile vilango vyembamba vinavyopitisha hewa kwenye injini. Akaweka ekzosi yenye tumbo pana, akaifungia kizuia sauti. Kisha, kwa sababu hewa ilikuwa imeongezeka, akaweka kwenye kabureta jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kubwa kidogo, petroli nayo iongezeke. Akaendesha, akachomoa plagi, akaitazama rangi. Ilikuwa ya kahawia, kama alivyotaka: hewa na petroli zimelingana.

"Nyawira, hiyo ni amri. Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana, mkubwa."

Akaiwasha Blaster.

Gachau alishaacha lami. Alikata ndani ya shamba la kahawa, vumbi jekundu likisimama nyuma yake. Nyawira akaingia vumbini. Matawi yalimchapa magoti. Gia ya pili. Ya tatu. Kwenye tambarare Gachau alimwacha mbali, na hilo halikumshangaza hata kidogo. Silinda mbili ni silinda mbili.

Lakini wakati akila ule ubavu, Nyawira alikuwa akisikiliza.

Alisikia kwamba Gachau alipoachilia mafuta, injini yake haikutulia mara moja. Iliendelea kulia, mlio mwembamba, mkavu. Alijua maana yake. Jamaa alikuwa ametupa kichujio cha hewa na kufunga ekzosi kubwa wazi, kwa sababu Kamakis watu hupima mashine kwa masikio. Jeti hakuigusa. Jeti haipigi kelele, nani angeipigia makofi?

Hewa nyingi, petroli kidogo. Na katika injini za mipigo miwili kama zao, oili ya kulainisha pistoni husafiri ndani ya petroli hiyo hiyo. Kuingurumisha kando ya bucha ni sawa, unabonyeza na kuachilia. Kupanda kilima kirefu bila kuachilia ni habari nyingine.

Kwa hiyo Nyawira hakuhitaji kumpita. Alihitaji tu kumkalia kisogoni, asipate nafasi ya kupumua.

Kilima kikaanza.

Akabonyeza mafuta mpaka mwisho. Juzijuzi tu Blaster hii ingekohoa hapa na kuomba gia ya kwanza. Sasa ilivuta. Si kwa miujiza, kwa kidogo tu, lakini kidogo hicho kilikuja pale pale alipokitaka, na pengo likaanza kupungua. Nyawira alicheka peke yake ndani ya kofia ngumu. Opiyo angeona!

Gachau akageuka. Akaona kikwadi.

Mtu mwingine angepunguza mwendo, achore njia ya ujanja katikati ya mistari ya kahawa. Lakini bingwa wa Kamakis kufuatwa na kitu kama kile? Na msichana juu yake?

"We! Rudisha hiyo toy kwa mtoto!" akapaza sauti.

"Kimbia basi!" Nyawira akajibu.

Akakimbia. Kidole gumba chake hakikuachilia mafuta tena.

Mlio ukapanda. Ukawa mwembamba zaidi. Kisha ukakatika ghafla.

Magurudumu ya nyuma yalijifunga. Kwadi nyekundu ikateleza kiubavu, na Gachau akarushwa hadi kwenye miti ya kahawa, akatua kwa matako. Nyawira alimfunga pingu kabla hajamaliza kutukana.

"Pistoni imekosa oili, imekwama," alimwambia. "Pole."

Flaski ilikuwa nzima. Akaifungua kwenye kwadi nyekundu, akapanda tena Blaster na kuipakata.

"Dada, hiyo ni mali yangu."

Falk alikuwa amesimama juu ya njia, suti ya kijivu, bastola ya Glock mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, safi kabisa.

"Uniletee taratibu, tafadhali. Mashamba haya yatakufa, leo au mwaka ujao. Ya nini kujisumbua kwa ajili ya wazee wakaidi?"

Damu ilimchemka Nyawira. Mzee mmojawapo alimnyonyesha.

Akainua mkono wa kulia juu kabisa, ili Falk autazame. Wa kushoto ulikuwa umebana klachi. Injini ilikuwa ikinguruma kwa upole, gia ya kwanza ndani.

"Sikusikia," akasema. "Sogea kidogo."

Falk akasogea.

Mkono ukashuka, mafuta yakafunguka, klachi ikaachiliwa. Blaster ikainua pua. Risasi ikagonga bampa la mbele, na mara magurudumu mawili yakamkuta Falk kifuani, yakamlaza chali vumbini. Nyawira akaipiga teke Glock ikapotelea kwenye majani. Suti ya kijivu ilikuwa imekuwa nyekundu kwa udongo.

"Chai iko ndani ya flaski," akasema redioni. "Wageni wawili. Wote wamekaa chini."

Kisha Kagwe: "Umekaidi amri."

"Ndiyo, mkubwa. Na kesho ningeikaidi tena."

Sauti ya Opiyo ikajipenyeza. "Madam... hivyo vitu vidogo. Viliongeza mwendo kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo tu? Si nilisema!"

"Kilima kilitaka kidogo, Opiyo."

Helikopta ilifika, ikarusha majani. Nyawira aliikabidhi flaski na wafungwa wake, akazima Blaster, akachukua njia ya miguu. Simu ikalia.

"Nyawira, umekosa ibada," mama yake akasema. "Na huko juu kuna mtu anapiga kelele na pikipiki Jumapili ya Mungu. Nimeshachukua fimbo."

"Iweke chini, maitu. Ni mimi. Nashuka."

Akaweka simu mfukoni, akateremka katikati ya mistari ya kahawa, akipapasa majani mabichi kwa kiganja alipokuwa akipita.