Gari Linalovuta Kulia

Zephaniah ana landrova kuukuu. Kila asubuhi hushuka nayo kutoka Sagalla hadi Voi, akibeba watu na magunia. Akipanda, hubeba mitungi ya maji.

Abiria wake walikuwa wanajua sheria ya gari hilo. Wanene walikaa kushoto, wembamba kulia. Mumbe, mama wa sauti nzito na mwili wa kutosha, alipewa kiti cha kushoto bila hata kuomba.

Sheria hiyo ilianza wakati wa mvua. Gurudumu la mbele la kushoto lilitumbukia kwenye shimo kwa kishindo. Tangu hapo gari likawa linavuta kulia. Zephaniah hakosi dawa ya jambo lolote. Alifunga tairi jipya upande wa kulia. Gari likazidi kuvuta, naye akaanza kupanga watu kama mizigo.

Mkewe Margaret hakuona kichekesho chochote.

"Baba Loise, hii gari ni mgonjwa," alisema.

"Imezeeka tu, Mama Loise. Si unaona inafika?"

"Inafika, lakini tukishuka, kulia ni bonde. Mwisho wa mwezi kwaya ikienda kuimba Voi, mimi nitashuka na bodaboda."

Maneno hayo yalimchoma Zephaniah. Margaret ndiye mwimbishaji wa kwaya. Watu wangesema nini wakimwona mke wa dereva juu ya pikipiki, nyuma ya gari la mumewe? Isitoshe, moyoni alijua mkewe ana haki ya kuogopa. Hata yeye aliogopa kwenye kona zile.

Kesho yake alikwenda Voi kwa Kavinya, fundi wa magari. Kavinya alisikiliza habari ya wanene na wembamba, akacheka hadi akashika ubavu.

"Wewe! Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Leta gari hapa kwenye saruji. Tunataka mahali tambarare."

Kwanza alipima upepo wa tairi zote mbili za mbele, akazilinganisha. Akanyoosha usukani. Akainua kila gurudumu kwa jeki na kulitikisa, kuona kama beringi zimelegea. Hazikuwa zimelegea. Akalishusha gari, akalisukuma mbele na nyuma kidogo ili likae vizuri.

Kisha akafunga nati kubwa kwenye uzi.

"Hiyo ni timazi ya fundi wa nyumba," Zephaniah alisema.

"Ndiyo. Ukuta ukiinama, timazi inasema. Gurudumu pia."

Alining'iniza uzi kando ya gurudumu la kulia. Akapima nafasi kati ya uzi na rimu, juu na chini. Zilikaribia kulingana. Akaenda kushoto. Huko nafasi ya juu ilikuwa kubwa kuliko ya chini.

"Unaona? Gurudumu la kushoto limelala kwa ndani, huku juu."

"Lakini gari inavuta kulia!"

"Ndiyo maana ulibadilisha tairi isiyo na kosa. Ugonjwa uko kushoto."

"Labda rimu ndiyo imepinda."

"Swali zuri. Tuulize rimu yenyewe."

Kavinya alisogeza gari mpaka gurudumu likazunguka nusu. Akapima tena. Nafasi ya juu ilibaki kubwa vilevile.

"Rimu ikiwa mbaya, kosa linazunguka nayo," alisema. "Hili limebaki palepale. Ni ekseli imepinda, chuma hiki kinachobeba magurudumu."

Aliingia chini ya gari na tochi. Karibu na springi ya kushoto, rangi ilikuwa imepasuka na chuma kimekunjika kidogo.

"Basi ipashe moto tuigonge inyooke," Zephaniah alisema.

"Hapana! Moto unamaliza nguvu ya chuma. Siku moja itakatika mkiwa njiani. Tafuta ekseli nzima. Na hiyo nayo kama haijanyooka, usiifunge."

Zephaniah hakupeleka watu Voi tena mpaka ekseli nzima ilipopatikana. Kavinya aliifunga, akapima kwa timazi, kisha akanyoosha magurudumu yaelekee mbele sawasawa.

Jumapili ya kwaya ilifika. Wanakwaya waliingia wakakaa walipopenda. Margaret alisimama nje, bodaboda ikimngoja.

"Imepona," Zephaniah alisema.

"Nani amesema?"

Zephaniah alimpa uzi wenye nati, akamwonyesha pa kupima. Margaret akachuchumaa na nguo zake za kanisa. Akapima kulia, akapima kushoto. Akapima kushoto mara ya pili. Kisha akamlipa kijana wa bodaboda kwa usumbufu, akaketi mbele karibu na mumewe.

Waliteremka polepole. Usukani ulitulia mikononi mwa Zephaniah, na furaha ilimjaa. Walipofika kwenye kona ile kali, penye bonde, alitaka mkewe aone.

"Mama Loise, tazama!"

Margaret alikuwa amelala fofofo.